Shabaha au Kiashiria? Mwongozo Kamili wa Kuikagua Jeni, kwa Mfano wa Selimundu

Msimu wa korosho ukifika na hela ikianza kuzunguka mjini, hapa kwangu Chikongola, Mtwara, hawapungui wanafunzi wawili watatu kwa juma. Wamerudi kutoka vyuoni, laptopu begani, na salamu haijakaa sawa mtu anaanza: "Shikamoo mwalimu, nimeshapata jeni yangu, naomba unisaidie kuandika kwamba ni shabaha ya dawa." Marahaba. Keti kwanza. Nani kakwambia ni shabaha?

Nimekaa miaka mingi kwenye maabara za hospitali huku kusini, mimi na darubini, kabla ya kuingia kufundisha. Dawa sijawahi kutengeneza. Lakini mapendekezo ya utafiti nimeyasoma mengi, na mengi yamekufa kwa ugonjwa uleule: mwandishi kachanganya maswali mawili. Swali la kwanza: jeni hii ikiguswa, mgonjwa atapata nafuu? Hilo ni swali la shabaha ya dawa. La pili: nikiipima jeni hii, au kitu kinachotokana nayo, nitajua mtu anaumwa nini au anaelekea wapi? Hilo ni swali la kiashiria cha ugonjwa. Wavuvi wa Mikindani wakiona ndege wanajitupa majini mahali pamoja, wanajua dagaa wapo chini. Ndege ni kiashiria kizuri sana. Sijaona mtu anayewatupia nyavu.

Nitatumia ugonjwa mmoja mwanzo hadi mwisho, selimundu, ambao mtaani tunauita sikoseli. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba Tanzania huzaliwa watoto 11,000 hivi kila mwaka wakiwa nao. Nimeuchagua kwa sababu ndani yake jeni inayoleta ugonjwa, jeni inayolengwa na tiba na kitu kinachopimwa ni vitu vitatu tofauti, kwa hiyo hutaweza kuvichanganya hata ukitaka. Vifaa vya kazi ni laptopu, au simu yenye kioo kikubwa, bando la kawaida na daftari la karatasi. Mji wetu ni wa gesi, ndiyo, lakini daftari halikatiwi umeme.

Hatua ya 1: Andika ugonjwa unavyotokea, kabla ya kutaja jeni yoyote unayoipenda

Chukua ukurasa mtupu na ueleze ugonjwa kama unamweleza shangazi yako. Kwa selimundu itakuwa hivi. Ndani ya chembe nyekundu ya damu kuna protini ya kubeba oksijeni, himoglobini. Ya mtu mzima, himoglobini A, imeundwa na minyororo miwili ya alfa na miwili ya beta. Maelekezo ya mnyororo wa beta yako kwenye jeni iitwayo HBB, katika kromosomu ya 11. Mwenye selimundu ana herufi moja ya vinasaba (DNA) iliyobadilika humo, A imekuwa T, na kwa herufi hiyo moja asidi ya glutamiki, kijenzi kimoja cha protini, imeipisha valini. Himoglobini hiyo, inayoitwa S, ikiishatoa oksijeni hushikana na wenzake na kujipanga kama nyuzi. Chembe inajikunja kama mundu, inakuwa ngumu, inakwama kwenye mishipa midogo, na inakufa mapema. Kukwama kunaleta maumivu na kuharibu viungo. Kufa mapema kunaleta upungufu wa damu na macho ya manjano.

Hayo hayakujulikana siku moja. James Herrick wa Chicago alizieleza chembe hizo za mundu mwaka 1910. Linus Pauling na wenzake walionyesha mwaka 1949 kwamba tatizo liko kwenye himoglobini yenyewe. Vernon Ingram akaonyesha miaka ya 1956 na 1957 kwamba ni asidi amino moja tu iliyobadilika. Nawatajia wanafunzi miaka hii ili wapige hesabu wenyewe: jeni yenye kosa ilijulikana tangu miaka ya hamsini, na tiba ya kuhariri jeni iliidhinishwa mwaka 2023. Kujua kosa lilipo hakukutosha. Na ilipokuja, tiba hiyo haikuigusa HBB kabisa.

Ukimaliza ukurasa wako, zungushia duara kila mahali ambapo ungeweza kuingilia kati: himoglobini S isitengenezwe, isishikane, chembe isinate kwenye ukuta wa mshipa, au mwili utengeneze himoglobini nyingine badala yake. Kila duara ni mlango. Jeni unayoitafuta iko nyuma ya mmojawapo.

Hatua ya 2: Chora ukoo, pande zote mbili

Hatua hii vitabuni ni mistari mitatu. Huku kwetu inahitaji zaidi, kwa sababu Wamakonde, Wamakua na Wayao tunahesabu ukoo kwa upande wa mama na mjomba ndiye mwenye neno. Ukimwambia mtu "nitajie ndugu zako" atakupangia upande wa mama vizazi vinne, na majina ya waliofariki wakiwa wadogo atayakumbuka yote. Upande wa baba utapata mstari mmoja: "Hao wako Nanyumbu, hatujuani sana."

Selimundu haijui mila. Mtoto hupata nakala moja ya HBB kwa mama na moja kwa baba, na ili aumwe aina ya SS lazima zote mbili ziwe na kosa. Wazazi wote wawili wakiwa wabebaji, yaani AS, kila mimba ina uwezekano wa moja katika nne wa kuzaa mtoto SS. Nimeshuhudia vikao ambavyo lawama yote ilishushwa kwa ukoo wa mama kwa sababu ndio pekee uliochorwa. Kwa hiyo chora duara na miraba kama kawaida, ila anza na upande wa baba, kisha urudi kwa mama.

Tahadhari moja hapa. Ukipima familia nzima unaweza kutoboa siri za nyumba ambazo hukuziendea. Amua kabla ya kuchoma sindano ya kwanza ni majibu gani utayatoa, utamwambia nani, na uandike hivyo kwenye fomu ya ridhaa kwa Kiswahili kinachoeleweka kijijini.

Ukoo pia utakupa swali la maana: mbona ndugu wawili, wote SS, mmoja analazwa kila masika na mwingine anacheza mpira? Kosa lao kwenye HBB ni lilelile. Tofauti lazima iwe mahali pengine.

Hatua ya 3: Tafuta binadamu ambao maumbile yamekwisha wafanyia jaribio

Shabaha bora ni ile ambayo kuna watu tayari wanatembea nayo ikiwa imepunguzwa nguvu tangu kuzaliwa, na wako salama. Panya ni wazuri, lakini binadamu ni ushahidi mzito zaidi.

Mwaka 1948 daktari wa watoto Janet Watson aliandika jambo ambalo kila nesi wa kliniki ya watoto anaweza kulithibitisha: vichanga wenye selimundu hawaumwi miezi ya mwanzo. Bado wanayo himoglobini ya tumboni, himoglobini F (HbF), inayotumia minyororo ya gama badala ya beta. Himoglobini F haijiungi kwenye nyuzi za S. Kadiri inavyopungua, ugonjwa unajitokeza. Kisha kuna watu ambao kwao F haizimiki kabisa hadi utu uzima, na wakirithi selimundu juu yake wanaumwa kidogo sana. Wagonjwa wengi wa mashariki mwa Saudi Arabia na sehemu za India wana F nyingi kuliko wa kwetu, na ugonjwa wao kwa kawaida ni mwepesi zaidi.

Basi swali likawa: nani anazima F? Mwaka 2007 na 2008 watafiti walilinganisha vinasaba vya watu wenye F nyingi na wenye F kidogo, na alama zikaangukia mahali pasipotarajiwa: kromosomu ya 2, kwenye jeni ya BCL11A, mbali na himoglobini zote. Mwaka huohuo wa 2008 ikaonyeshwa maabara kwamba protini ya BCL11A ndiyo inayokandamiza jeni za gama. Ni kama swichi ya kuzimia taa. Ukiilegeza, taa ya utotoni inawaka tena.

Usiishie kwenye matokeo ya Ulaya. Hatua hii ina swali la lazima: limeonekana pia kwa watu wetu? Kwa BCL11A jibu ni ndiyo. Muhimbili walianza kufuatilia kundi kubwa la wagonjwa wa selimundu mwaka 2004, kazi iliyoongozwa na Profesa Julie Makani, na uchunguzi wa vinasaba vya wagonjwa hao, ambao Dk. Siana Nkya alikuwa mstari wa mbele, uliiona BCL11A pamoja na eneo jingine kwenye kromosomu ya 6 karibu na jeni ya MYB. Jeni yako ikiwa haijawahi kuangaliwa kwa Mwafrika hata mmoja, usiifiche aibu hiyo. Iandike, huenda ndiyo utafiti wako.

Hatua ya 4: Ifungulie jalada kwenye hifadhi za data

Hapa ndipo bando linapokwenda, na hapa ndipo jeni nyingi hufia, jambo ambalo ni jema, maana afadhali ife kwenye daftari lako kuliko kwenye mwili wa mtu.

Anza NCBI au Ensembl, hifadhi za jeni za mtandaoni, zote bure. Andika BCL11A kwenye kisanduku, hakikisha umechagua binadamu, kisha nakili jina rasmi na majina yake ya zamani. Usiruke majina ya zamani. Jeni hii imewahi kuandikwa CTIP1 na pia EVI9, na anayetafuta kwa jina moja tu atakosa makala nzima za watu waliotumia jina jingine. Mwanafunzi wangu mmoja aliandika kwamba "hakuna aliyechunguza" jeni yake. Walikuwepo wengi, kwa jina la ubini, kama tunavyotafutana mitaani.

Kisha nenda UniProt usome protini inafanya nini. BCL11A hushika vinasaba na kuamua jeni zipi zisomwe na zipi zinyamaze. Protini za aina hii ni ngumu kwa vidonge, kwa sababu dawa ya kawaida hupenda protini yenye mfuko wa kuingia, kama funguo na kitasa, na hizi mara nyingi hazina mfuko mzuri. Andika pembeni: "kidonge, kigumu."

Halafu uliza inafanya kazi wapi kwingine. GTEx, hifadhi ya kuangalia jeni inafanya kazi tishu zipi, itakuonyesha tishu nyingi, lakini ina mtego: haina sampuli ya uboho wa kawaida, na chembe nyekundu hutengenezwa kwenye uboho. Ukitegemea safu yake ya damu utadhani jeni iko hivi kumbe iko vile. Kwa uboho pitia Human Protein Atlas. Kwa BCL11A utakuta imo kwenye ubongo pia, na kwenye ukuaji wa chembe B za kinga, ambako jina lake lilitoka.

Sasa fungua gnomAD, hifadhi ya vinasaba vya mamia ya maelfu ya watu. Inalinganisha mabadiliko ya kuiua jeni yaliyopatikana na yale yaliyotarajiwa kwa bahati nasibu. Kipo kipimo kinachoitwa pLI, kinachotoka 0 hadi 1. BCL11A iko karibu kabisa na 1. Maana yake watu waliopoteza hata nakala moja karibu hawaonekani kati ya watu wa kawaida. ClinVar, hifadhi ya mabadiliko ya jeni na magonjwa yake, itakueleza kwa nini: watoto waliopoteza nakala moja hupata ulemavu wa akili na ukuaji. Na damu yao, tazama ajabu hii, ina himoglobini F nyingi.

Wengi wanapofika hapa hufuta jeni. Mimi nawaambia simama, soma tena mistari hiyo miwili ya mwisho. Jeni ni sahihi, mahali pa kuigusa ndipo pabaya. Mwaka 2013 ilionekana kwamba zile tofauti za herufi zinazopandisha F haziko kwenye sehemu ya jeni inayotengeneza protini. Ziko ndani ya kipande kisichotengeneza protini, kinachofanya kazi ya kiongeza sauti cha jeni, na kiongeza sauti hicho kinasikika kwenye chembe zinazoelekea kuwa nyekundu. Ubongo hautumii hicho. Ukikivunja, BCL11A inashuka kwenye chembe nyekundu peke yake. Kwa maneno mengine shabaha ilihama kutoka kwenye jeni kwenda kwenye swichi ya jeni, na yote hayo yalionekana kwa kuuliza swali la "wapi kwingine?" bila kuchoka.

Hatua ya 5: Dai ushahidi wa kugusa, siyo wa kuandamana

Kuonekana pamoja hakutoshi. Uliza: kuna aliyeibadilisha jeni na ugonjwa ukabadilika?

Kwa panya waliopewa selimundu, kuondoa BCL11A kwenye chembe za damu kulirekebisha ugonjwa. Hiyo ni 2011. Mwaka 2019 Victoria Gray wa Mississippi akawa mgonjwa wa kwanza wa selimundu nchini Marekani kupewa chembe zake mwenyewe zilizohaririwa kwa krispa (CRISPR), mkasi wa kukatia vinasaba, kwenye kiongeza sauti kile. Uingereza iliidhinisha tiba hiyo, Casgevy, Novemba 2023, na Marekani Desemba mwaka huohuo, kwa wenye miaka 12 na kuendelea. Kati ya wagonjwa 31 waliokuwa wamefuatiliwa muda wa kutosha, 29 walikaa walau miezi 12 mfululizo bila shambulio kali la maumivu.

Andika pia upande wa pili wa karatasi. Mgonjwa hutolewa seli shina, yaani chembe mama zinazozaa chembe za damu, zinahaririwa maabara, kisha uboho wake wa zamani unauawa kwa dawa kali ya saratani ili kupisha mpya. Ni wiki nyingi hospitalini, na uwezo wa kuzaa unaweza kupotea. Bei iliyotangazwa Marekani ni dola milioni 2.2. Mtu wa Tandahimba aachie mashamba mangapi ya mikorosho?

Zipo shabaha zilizosifiwa zikaanguka, nazo zijue. Krizanlizumabu ililenga protini ya P-selektini, inayofanya chembe zinate ukutani mwa mishipa. Ilipata kibali Marekani mwaka 2019. Jaribio kubwa lililofuata halikuonyesha faida iliyotarajiwa, na Ulaya ikafuta kibali chake mwaka 2023. Mlango wa "chembe isinate" ulikuwa na mantiki kamili kwenye ile karatasi ya hatua ya kwanza.

Hatua ya 6: Sasa ndiyo uulize habari ya kiashiria

Geuza ukurasa, anza upya, na jiulize: kiashiria cha nini hasa? Cha kutambua ugonjwa, cha kutabiri utakavyokwenda, au cha kuonyesha kama dawa inafanya kazi? Kitu kimoja kinaweza kufaa kwa kimoja na kuwa bure kwa kingine.

Cha kutambua ugonjwa ni himoglobini S yenyewe. Maabara ndogo hutumia kipimo cha kuikosesha damu oksijeni kwa metabisalfaiti kwenye kioo na kutazama mundu. Ni rahisi na cha bei nafuu, lakini hakitofautishi AS na SS, na kwa kichanga kinaweza kusema "hakuna" kwa sababu F ndiyo iliyojaa. Majibu ya uhakika hutoka kwenye mashine za kutenganisha himoglobini, au vipimo vya papo kwa papo vya tone moja la damu ambavyo siku hizi vinafika mbali.

Cha kutabiri ni kiwango cha himoglobini F. Hapa nikiri kosa langu. Miaka ya nyuma nilipokea majibu ya mtoto wa miezi mitano, SS, na F ya juu ya kupendeza. Nikamwambia mama yake, "Dada, usiogope, mwanao atakuwa na sikoseli nyepesi." Kabla ya mwaka kwisha alirudi na mtoto mikono imevimba vidole vyote kama mihogo, analia hashikiki. Nilikuwa nimesoma F bila kusoma umri. Mtoto huzaliwa F ikiwa ndiyo himoglobini kubwa kuliko zote mwilini mwake, kisha inashuka miezi inavyokwenda, na kwa wenye selimundu inashuka polepole zaidi. F ya miezi mitano haitabiri chochote. Tangu siku hiyo sitoi jibu la F bila tarehe ya kuzaliwa kuandikwa mbele yake.

Uliza pia kama mgonjwa ameongezewa damu karibuni. Damu ya mtu mwingine ikiingia, asilimia zote zinavurugika na unapima damu ya mfadhili. Subiri walau miezi mitatu. Na hata F ikiwa safi, wastani unaweza kudanganya: asilimia kumi iliyosambaa kwenye chembe zote inalinda vizuri kuliko asilimia kumi iliyorundikana kwenye chembe chache.

Je, BCL11A yenyewe ni kiashiria? Herufi za BCL11A alizozaliwa nazo mgonjwa zinaeleza sehemu ya tofauti ya F kati ya watu, na kwa utafiti wa makundi zina thamani. Kwa mgonjwa mmoja aliyekaa mbele yako, mpime F moja kwa moja. Kwa nini umuulize jirani wakati mwenye nyumba yupo?

Funzo kali zaidi la viashiria ni la vokselota. Dawa hii iliizuia himoglobini S kushikana, ikapandisha wingi wa himoglobini, na kwa kupanda huko ikapata kibali cha haraka Marekani mwaka 2019. Kiashiria kilikuwa kizuri. Septemba 2024 kampuni yenye dawa hiyo ikaiondoa sokoni dunia nzima, kwa sababu takwimu mpya zilionyesha mashambulio ya maumivu na vifo visivyolingana na faida. Namba ilipanda. Mgonjwa hakufuata namba. Kwa hiyo kila unapoandika "kiashiria kiliboreka", mstari unaofuata uwe: mgonjwa je? Alilazwa mara ngapi, alikosa shule siku ngapi, yuko hai?

Kisha kuna kiashiria cha dawa ambacho kila mtu anakipita kama hakioni. Haidroksiurea, dawa ya zamani ambayo Marekani iliiidhinisha kwa watu wazima wenye selimundu mwaka 1998, huongeza F. Pia hukuza ukubwa wa chembe nyekundu, na ukubwa huo, MCV, umo kwenye kila karatasi ya FBP, kile kipimo cha picha nzima ya damu. Huhitaji mashine ya kutenganisha himoglobini. Mgonjwa anayemeza dawa vizuri, MCV yake hupanda ukilinganisha na ya kwanza. Isipopanda miezi inapita, ama kipimo cha dawa ni kidogo ama vidonge viko kabatini. Karatasi hiyohiyo inaonyesha kama chembe nyeupe zimeshuka mno, jambo ambalo daktari lazima alijue mapema. Ina mapungufu: alfa thalasemia, hali ya kurithi inayopunguza minyororo ya alfa na ambayo ni ya kawaida kwa watu wetu, na upungufu wa madini ya chuma, vyote hupunguza MCV. Ndiyo maana unamlinganisha mgonjwa na yeye mwenyewe wa jana.

Hatua ya 7: Sampuli, njia na vibali

Kwa vinasaba, chukua damu kwenye chupa ya kifuniko cha zambarau, yenye EDTA ya kuzuia damu isigande, na uigeuzegeuze taratibu. Usiitikise kama soda. Weka kwenye friji ya kawaida, usiigandishe nzima kabla hujaamua, maana chembe zikipasuka FBP imekufa. Kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam kupita Lindi ni zaidi ya kilomita 500, na basi likiharibika Somanga barafu haikusubiri. Kwa umbali huo napendelea tone la damu lililokaushwa kwenye karatasi maalumu, njia ileile ya kupimia VVU kwa watoto wachanga. Likauke kabisa kivulini, lifungwe na vifuko vya kunyonya unyevu. Unyevu wa pwani ndio adui, kuliko joto.

Damu haitoki bila kibali cha maadili, na NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, ndiyo yenye neno la kitaifa. Sampuli zikienda nje ya nchi kuna makubaliano yake ya kuzisafirisha, tafadhali usiibebe kwenye begi la mkono kwa sababu profesa wa nje kakuomba. Taarifa za vinasaba zinalindwa pia na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Jina likae kwenye daftari moja, namba kwenye jingine, na madaftari hayo yasilale chumba kimoja.

Hatua ya 8: Pima shabaha yako dhidi ya dawa iliyopo leo

Hatua hii ni fupi lakini wengi wanaikimbia. Haidroksiurea inafanya sehemu ya kile ambacho kulegeza BCL11A kunafanya, kwa kidonge. Mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya jaribio la REACH lililofanyika Angola, Kongo ya Kinshasa, Kenya na Uganda, ambapo watoto 606 waliitumia. Maumivu, kuongezewa damu, malaria na vifo vyote vilipungua ukilinganisha na kipindi cha kabla ya dawa. Halikuwa na kundi la kidonge bandia, uliseme hilo. Lakini kwa mikoa yetu ya Lindi na Mtwara, ambako malaria haitupi nafasi, hofu kubwa ilikuwa kwamba dawa ingewadhoofisha watoto mbele ya malaria. Haikuwa hivyo.

Kwa hiyo andika sentensi moja: shabaha yangu mpya itampa mgonjwa kitu gani ambacho haidroksiurea inayomezwa vizuri haitoi? Ukishindwa kuimaliza sentensi hiyo, rudi hatua ya kwanza, kwenye zile duara.

Hatua ya 9: Ukurasa mmoja

Gawa karatasi safu tatu: jeni inayosababisha, kinacholengwa, kinachopimwa. Kwa mfano wetu itasomeka HBB. Kiongeza sauti cha BCL11A. Himoglobini F, pamoja na siku za kulazwa. Chini ya kila kimoja, ushahidi wa binadamu kwanza, wa panya baadaye, kisha hatari. Usizidishe ukurasa. Mtu akihitaji kurasa kumi kunieleza shabaha yake, mara nyingi huwa hajaamua.

Binti mmoja wa Newala aliniletea wake juzi. Safu ya tatu alikuwa ameandika BCL11A akaikata, akaandika HbF akaikata nayo, akaandika MCV. Pembeni, kwa penseli: "Mashine ya HbF kwetu hamna, ya FBP ipo, na mafaili ya kliniki yana miaka mitano." Nikamuuliza ameshaomba kibali cha kuyasoma mafaili hayo. Akasema barua iko kwenye begi, alikuwa anasubiri mimi niisahihishe Kiswahili.